Rudolph Valentino: Staa wa Hollywood aliyemalizwa na askari wa mwili wake akiwa na miaka 31

Kama unadhani wasupa kuzimia juu ya seleb ni mambo ya juzi, rudi nyuma na mimi hadi New York, Agosti 1926. Watu kama 100,000 wamejaa kwa barabara za Manhattan. Vioo vya nyumba ya mazishi vimepasuka kwa msukumano. Karao wa farasi wameitwa kutuliza umati. Wote wamekuja kumuaga jamaa mmoja wa miaka 31 ambaye wengi wao hawajawahi kuskia sauti yake, kwa sababu filamu zake zote zilikuwa bubu. Walimwona tu kwa skrini na hiyo ikatosha.

Huyo ni Rudolph Valentino. Alipokufa, umbea ulijaa kila kona. Ati aliwekewa sumu. Ati alipigwa risasi. Ati kuna dame wa wivu alimfanyia mambo. Ukweli wenyewe ni mfupi kuliko umbea, lakini ukiniuliza mimi unatisha zaidi. Kidonda cha tumbo kilitoboka, na kazi iliyobaki, ile ya kummaliza, sehemu kubwa ilifanywa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Tutafika huko. Kwanza ujue alikuwa nani.

Alizaliwa Mei 6, 1895, Castellaneta, mji mdogo kusini mwa Italia. Jina alilopewa lilikuwa refu kama foleni ya ATM mwisho wa mwezi, lakini kwa kifupi walimwita Rodolfo Guglielmi. Buda yake alikuwa daktari wa mifugo na alikufa kwa malaria Rodolfo akiwa bado kijana mdogo. Ndio, malaria, Italia. Siku hizo mbu walikuwa wanasumbua wazungu pia. Mathe yake alikuwa Mfaransa, na anasemekana alimdekeza huyu kijana vibaya sana. Shule hakuipenda. Mwishowe alipata karatasi ya kilimo, akaenda Paris kujitafuta, akarudi nyumbani bila kitu. Familia ikaona heri aende mbali. Akapanda meli na kufika New York Desemba 23, 1913, siku mbili kabla ya Krismasi, akiwa na miaka 18 na Kiingereza cha kuokoteza.

Pesa zilikwisha haraka. Alifanya kazi za shamba la maua, akaosha na kutoa vyombo kwa hoteli, na kuna wakati alisota hadi hakuwa na pa kulala. Kilichomwokoa ni miguu. Jamaa alikuwa anajua kudensi, hasa tango, na kwa vilabu vya New York kulikuwa na kazi ya kudensi na wamama wenye doo kwa malipo. Alipata kazi hiyo pahali palipoitwa Maxim's. Usicheke. Ni huko ndiko alijifunza kuvaa, kupiga luku, kusimama mbele ya mwanamke akaona ni kama dunia imebaki na watu wawili.

Pia huko ndiko alipata shida ya kwanza kubwa. Alikuwa beshte wa dame tajiri kutoka Chile, Bianca de Saulles, na Bianca alipotaka talaka, Rodolfo akaenda kortini kumtolea ushahidi. Mume alikuwa mtu wa watu. Muda si mrefu, mwaka wa 1916, karao wakamkamata Rodolfo kwa kesi ya tabia mbaya ambayo ushahidi wake haukuwa na mguu wala kichwa. Alilala ndani siku chache, magazeti yakamchafulia jina. Mwaka uliofuata Bianca mwenyewe akampiga yule mume risasi. Rodolfo alishasoma rada. Aliondoka New York na kikundi cha maigizo, akaelekea magharibi, akabadilisha jina.

Hollywood ya wakati huo ilikuwa na kazi moja tu kwa mtu mweusi wa nywele na Mwitaliano wa sura: jambazi. Alicheza majambazi hadi mwanamke mmoja akamwona. Shika jina hili kwa sababu litarudi: June Mathis. Alikuwa mwandishi wa filamu na mmoja wa wanawake wenye nguvu zaidi kwa hiyo biashara, na ndiye alisisitiza Valentino apewe nafasi kubwa kwa filamu ya The Four Horsemen of the Apocalypse. Ilitoka 1921. Kuna pahali ndani yake anadensi tango kwa kilabu chenye moshi, na hapo ndipo maisha yake yalipinduka. Mwaka huohuo akatokea kwa The Sheik, amevaa kilemba na joho, na wasupa wa Marekani wakachizi. Mwaka wa 1922 ikafuata Blood and Sand. Kutoka kulala njaa hadi kuwa uso unaojulikana dunia nzima, miaka minane.

Mapenzi, hapo sasa ndio alikuwa anafeli kila mtihani. Mwaka wa 1919 alioa muigizaji Jean Acker, na usiku wa harusi Jean akamfungia mlango. Nje. Ndoa ikafa kabla ya kuanza. Halafu akampenda Natacha Rambova, mbunifu wa mavazi na majukwaa, jina la Kirusi kabisa, kumbe dada ni wa Salt Lake City na jina lake la kuzaliwa ni Winifred Shaughnessy. Walioana Mei 1922 kule Mexicali, ng'ambo ya mpaka wa Mexico, lakini sheria ya California ilitaka usubiri mwaka mzima baada ya talaka. Hakusubiri. Alipokanyaga Marekani akashikwa kwa kosa la kuoa wake wawili, akawekwa seli hadi mabeshte wakamchangia dhamana. Ilibidi waoane tena 1923.

Na kama hiyo haitoshi, akagombana na studio yake kuhusu malipo na ubora wa filamu. Akagoma peke yake. Studio ikaenda kortini akazuiwa kuigizia mtu mwingine yeyote. Staa mkubwa zaidi wa mapenzi duniani akabaki bila kazi. Unajua alifanya nini? Alichukua Rambova wakaenda kuzunguka miji 88 ya Marekani na Canada wakidensi tango huku wakitangaza udongo wa kupaka uso. Hapo mimi humheshimu. Jamaa hakuwa na aibu ya hasla.

Sasa tufike 1926. Rambova amemwacha. Ana deni. Ana filamu mpya, The Son of the Sheik, na anazunguka miji kuitangaza. Na tumbo linamsumbua. Maumivu yanakuja, yanaenda, yanarudi. Yeye anaendelea na kazi.

Mwezi wa Julai, gazeti la Chicago Tribune likamtoa tahariri ya matusi. Mwandishi ambaye hakuweka jina alikuwa ameona mashine ya poda kwa choo cha wanaume cha ukumbi wa densi, na akaamua Valentino ndiye amefanya wanaume wa Marekani wawe laini kama wanawake. Valentino alikasirika sana. Alimwita huyo mwandishi ulingoni wapigane ngumi. Hakuna mtu alijitokeza. Ili watu waamini ana misuli, alipanda juu ya paa la hoteli ya Ambassador, New York, akapigana na mwandishi wa ndondi mbele ya wapiga picha, akamwangusha. Yaani wiki chache kabla ya kifo, jamaa mwenye kidonda kinachomla tumbo alikuwa anarusha na kupokea ngumi kuthibitisha kwamba yeye ni mwanaume. Kwenda kumuona daktari hakukuwa kwa hiyo orodha ya mambo ya kiume, na sidhani orodha hiyo imebadilika sana kwa mtaa wako.

Jumapili, Agosti 15, alianguka kwa chumba chake kwa hiyohiyo Ambassador. Akakimbizwa hospitali ya Polyclinic. Dalili zilionekana kama za kidole tumbo. Alipopasuliwa jioni hiyo, madaktari wakakuta kidonda kimetoboa ukuta wa tumbo. Hadi leo madaktari duniani wana jina la hii hali, ambapo uchafu wa tumbo lililotoboka unateremka upande wa kulia chini na kuuma ni kama kidole tumbo. Inaitwa sindromu ya Valentino. Kuna mastaa wameachiwa barabara, kuna wameachiwa uwanja. Huyu aliachiwa ugonjwa.

Sasa kaa kitako, kwa sababu hapa ndipo stori ilipo. Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo nitakueleza vile ningekueleza tukiwa maskani.

Ndani ya fumbatio, yaani ile nafasi utumbo unakaa, hakufai kuwa na mdudu yeyote. Tumbo likitoboka, asidi inamwagika huko, na nyuma yake chakula na bakteria. Askari wa kwanza kuona ni seli zinazoitwa makrofaji. Hizi zinaishi hapohapo, ni kama wale wazee wa ploti wanaokaa kwa lango. Ngozi yao ina vipokezi vinavyotambua vipande vya bakteria, kama vile mtu anavyotambua mgeni kwa harufu. Zikishagusa tu, zinapiga nduru. Hiyo nduru ni kemikali, saitokini, na zenye kelele zaidi zinaitwa TNF, interlukini-1 na interlukini-6.

Si unajua mtaani mtu akipiga kelele za mwizi kinachotokea? Kila mlango unafunguka. Hata wale hawajaona mwizi wanatoka na rungu. Mwilini ni hivyo. Ndani ya masaa, chembe nyeupe za aina ya nyutrofili zinatoka kwa damu kwa mamilioni. Zinameza bakteria. Zinamwaga sumu kali za kuwaua. Zingine zinajipasua na kutupa nyuzi za DNA yao wenyewe kama wavu ili kunasa wadudu. Ini linapokea ujumbe na kuanza kutengeneza protini za vita. Ubongo unapandisha joto la mwili. Hii yote ni kazi nzuri. Ukijikata kidole, hiyo mbogi ndiyo inakuokoa, na huwa hata huijui, unaona tu kidole kimevimba na kuwa chekundu siku mbili.

Kidole kina mwisho, shida ya fumbatio ni ukubwa. Bakteria wanaenea kote, wanaingia kwa damu, na zile kelele za mwizi zinafika kila mtaa wa mwili kwa wakati mmoja, hata mitaa ambayo haijaibiwa. Hapo ndipo maambukizi yanageuka kuwa sepsisi. Tangu 2016 madaktari wanaielezea hivi: ni kiungo cha mwili kushindwa kazi, hadi maisha kuwa hatarini, kwa sababu mwili umejibu maambukizi bila mpangilio. Soma tena kama umepita haraka. Kinachotajwa hapo kuharibu viungo ni vile mwili umejibu.

Cheki inavyoua. Ile TNF na wenzake zinaambia mishipa ya damu ifunguke ili askari wapite. Kwa kidole ni sawa. Kwa mwili mzima ni janga. Kama umewahi kuishi orofa ya tano kwa ploti, unajua wapangaji wote wa chini wakifungua mfereji pamoja, kwako juu kunatoka hewa. Maji ni yaleyale, presha ndiyo imekufa. Mishipa yote ikipanuka, presha ya damu inaporomoka, moyo unakimbia kama nduthi kujaribu kufidia, na figo na ubongo zinakosa. Tena kuta za mishipa midogo zinalegea na kuanza kuvuja. Maji yanatoka kwa damu, yanaingia kwa nyama na kwa mapafu. Mgonjwa anavimba huku ndani ya mishipa amekauka. Anapumua haraka haraka kama mtu amekimbia, na bado hewa haimtoshi.

Halafu damu inaanza kuganda pahali haifai. Kuganda pia ni silaha ya kinga, mwili unajaribu kuwafungia wadudu njia. Lakini vidonge vidogo vya damu vikijaa kwa maelfu ya mishipa midogo, ni jam ya kila barabara kwa wakati mmoja, na seli zilizo mwisho wa barabara zinakufa kwa kukosa oksijeni. Vifaa vya kugandisha vinaisha, na sasa mgonjwa huyohuyo anaanza kutoka damu. Na mahali damu bado inafika, seli nyingi zinashindwa kuitumia hiyo oksijeni, ni kama jiko lenye gesi lakini haliwaki.

Hakuna daktari wa 1926 angeona haya yote. TNF yenyewe ilipewa jina 1975. Lakini walijua wanachokiona kitandani, kwa sababu walikuwa wameshakiona kwa wagonjwa wengi, na dawa ya kuua wadudu ndani ya damu hawakuwa nayo. Fleming aligundua penisilini London mwaka wa 1928, miaka miwili baada ya Valentino, na watu walianza kutibiwa nayo 1941. ICU hakukuwa. Mashine ya kupumulia kama tunayoijua hakukuwa. Walimshona lile shimo, wakamsafisha, wakasubiri.

Na hapa ndipo moyo wangu huumia kidogo. Aliamka. Siku mbili tatu baadaye alionekana anapona. Kufikia Agosti 18 madaktari walikuwa na matumaini hadi wakaambia wanahabari hakuna haja ya taarifa za mara kwa mara. Nje mashabiki wakapumua. Maua yalijaa hospitalini.

Agosti 21 akarudi chini. Maambukizi yalikuwa yamefika kwa kifua, utando unaozunguka pafu la kushoto ukavimba. Ukisoma vile sayansi ya leo inaelezea sepsisi, huo mgeuko unafanana sana na kitu wanachokijua vizuri. Kinga inayopigana vile haiwezi kupigana milele. Ndani ya vurugu hilohilo, mwili unatoa pia kemikali za kutuliza, na seli za limfu, zile zenye kumbukumbu na akili ya vita, zinaanza kujiua kwa wingi. Makrofaji zinachoka, zinagusa bakteria na hazipigi tena nduru. Umati umeshachoma mabanda ya majirani, umelala, na sasa mwizi mwingine anaingia kwa mlango wazi. Wagonjwa wengi wa sepsisi hawafi siku ya kwanza ya moto. Wanakufa baadaye, kwa maambukizi mapya ambayo mtu mwenye kinga nzima angeyapangusa tu.

Ndiyo maana pia hii kitu imewachezea wanasayansi. Miaka ya 1990 walitengeneza dawa za kuziba TNF, wakadhani wamepata jibu. Nyamazisha kelele, okoa mgonjwa. Majaribio hayakuleta ile ahadi. Ukizima kinga kwa mtu ambaye kinga yake tayari inazimika, umemsaidia mdudu. Na kujua mgonjwa aliye mbele yako yuko kwa moto ama yuko kwa majivu, ama yote mawili pamoja, bado ni kazi ngumu hadi leo. Kinachofanya kazi ni mambo ya mbio: antibayotiki mapema, kwa mgonjwa ambaye presha imeanguka wanataka ndani ya saa moja, maji ya mshipa kwa kipimo, dawa za kubana mishipa, na kuziba chanzo, kama ni kutoboka basi ni kisu.

Usidhani ni ugonjwa wa mastaa wa zamani. Mwaka wa 2017 pekee watu takriban milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 wakafa. Hiyo ni karibu mtu mmoja kwa kila watano waliokufa mwaka huo, na sisi wa kusini mwa Sahara tuko kati ya wanaobeba mzigo mzito zaidi. Inaanza na nimonia, na mkojo unaouma, na kidonda cha nduthi, na mama aliyetoka kujifungua. Ukiona mtu mwenye maambukizi ameanza kuongea vitu havieleweki, anapumua mbio, ngozi imekuwa na madoa na mikono baridi, hajakojoa siku nzima, huyo haendi duka la dawa. Huyo anaenda hospitali sasa hivi, hata kama jana ulimwacha akiwa poa.

Na kuhusu tumbo, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii akiwa ameshika kifua: mwaka wa 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimnasa mdudu anayeitwa Helicobacter pylori. Kumbe vidonda vingi vya tumbo ni yeye, na anatibika kwa antibayotiki. Walipewa Nobel 2005. Chanzo kingine kikubwa ni zile tembe za maumivu, ibuprofeni, diklofenaki, aspirini, ambazo watu humeza kila siku kama njugu. Tumbo linauma, mtu anameza diklofenaki. Anamwaga petroli.

Valentino hakuambiwa anakufa. Madaktari walijua, wakaamua kunyamaza. Asubuhi mapema ya Jumatatu, Agosti 23, alikuwa bado anapiga nao stori kuhusu mipango yake ya baadaye. Halafu akapoteza fahamu na hakurudi. Ilikuwa muda mfupi baada ya saa sita mchana.

Yaliyofuata ni sinema. Muigizaji Pola Negri alifika akidai walikuwa wamechumbiana, akazimia juu ya jeneza mbele ya kamera. Wakasimama walinzi wa heshima wa mashati meusi, eti wametumwa na Mussolini, kumbe ni waigizaji wamelipwa na nyumba ya mazishi. Wengine wakasema hiyo maiti si yeye, ni sanamu ya nta. Misa ikafanyika New York, kisha mwili ukapandishwa treni kuvuka Marekani yote hadi California kwa misa ya pili. The Son of the Sheik ikasambazwa kwa majumba ya sinema wiki chache baadaye, na watu wakajaa kumwona akipanda farasi, mzima kabisa, misuli nje.

Kitu kimoja hakikuwa kimepangwa: kaburi. Staa mkubwa hivyo, na alikuwa ameacha madeni, hakuwa na pahali pa kulazwa. Ndipo June Mathis, yule mwandishi aliyemwona wakati wengine waliona jambazi tu, akamwazima nafasi yake mwenyewe kwa makaburi ya ukutani kule Hollywood. Ilikuwa ya muda, hadi apatiwe yake. Mwaka uliofuata, 1927, June naye akafa ghafla akiwa ndani ya ukumbi wa maigizo New York. Valentino akasogezwa nafasi moja, kwa ile ya mume wa June, ili mwenye kaburi apate kuingia.  Hadi leo wako hapo, ukuta mmoja, yeye na June, bega kwa bega.